Mwanamke wa Kwenye Karatasi za Karanga

Mwone Tshibola akifika Mutshatsha. Anashuka kutoka juu ya lori la makaa linalorudi tupu, mwanamke wa miaka sitini na kitu, vumbi hadi kwenye kope, na kifuani amekumbatia kitu kilichofungwa kwa kikwembe kama mtoto mchanga. Dereva anamtania: "Mama, huyo mutoto halii?"

"Huyu alinyamaza zamani, tata."

Ndani ya kikwembe mna kitabu. Ngoja nikueleze, tusipotezane.

Tshibola anauza karanga Dilala, mtaa wa mji wa migodi ya shaba, karibu na shule. Karanga zake huingia katika karatasi iliyozungushwa ikawa pembe, na karatasi hutoka kwenye vitabu vya zamani ambavyo watu huviuza kwa kilo mwenye nyumba akifa. Vingi ni vya Kifaransa: vitabu vya desturi za makabila, vya samaki wa Lualaba, vya popo, vya wazee waliokuwa wakiyeyusha shaba kabla mashine hazijaja. Wauza karanga wenzake huchana tu. Tshibola hawezi kuchana ukurasa asiousoma. Mumewe alishakufa, watoto wako Kananga na Lubumbashi, simu zao huja sikukuu. Basi jioni yeye alizoea kukaa na vitabu. Kesho yake akikupimia karanga alikuambia habari ya karatasi yako: "Leo unakula kiboko. Mukubwa vile, anakulaka majani tu!"

"Ee Tshibola," jirani yake Huguette alikuwa akimpigia kelele, "unauza kalanga ao unafundisha? Batu banangoja!"

Siku moja, katika kitabu cha maisha ya Wakasai, watu wa kwao waliokuja kufanya kazi mgodini, alifungua ukurasa akamwona mama yake.

Mama yake, Godelieve, alikufa Tshibola angali mdogo sana. Picha za nyumbani zilipotea ile miaka Wakasai walipofukuzwa huku migodini, watu wakilala stesheni wakingoja treni ya kuwarudisha kwao. Yeye alirudi baadaye, picha hazikurudi. Kichwani alibaki na kitu kimoja tu: mama amesimama mlangoni, kichwa ameinamisha upande, kama anayesikiliza sufuria. Na mwanamke wa kitabuni alisimama hivyohivyo, mlangoni, kichwa upande. Chini yake wameandika: mke wa mfanyakazi. Basi.

Huguette alitazama akabetua mdomo. "Mwanamuke yeyote anasimamaka vile, Tshibola. Hata mi."

Neno hilo lilimchoma. Aliyebaki wa kumjua Godelieve kwa sura alikuwa mmoja tu: Mama Kapinga, jirani yao wa zamani katika kambi ya wafanyakazi, ambaye sasa analelewa na wajukuu huku Mutshatsha. Ndiyo sababu ya lori.

Alimkuta akichagua maharagwe.

"Moyo, mamu," akamsalimia kwa lugha ya kwao.

"Tshibola! Mutoto wa Godelieve! Umezeeka mpaka kunishinda!"

Walicheka. Lakini juu ya picha Tshibola hakusema neno, asije akamtia jibu mdomoni. Alifungua kitabu tu, akamwekea mapajani.

Bibi akakisogeza juani. Akakipeleka mbali, akakileta karibu.

"Muteba," akasema. "Muteba wangu. Ni nani alikupa dada yangu?"

Akaweka kidole shingoni mwa yule mwanamke wa picha.

"Ona ushanga. Mi njo nilimutungia, akienda kuolewa. Uzazi ukamuchukua. Hatukubaki na picha yake, hata moja."

Ushanga kwenye picha ulikuwa mstari mweupe tu, ungeweza kuwa wa shingo yoyote.

"Na mama yangu, mamu? Alikuwa na sura gani?"

Kapinga alifikiri sana. "Mwanangu, ni zamani. Sura imeniponyoka. Lakini kucheka! Alikuwa anacheka, nyumba ya tatu banafungua dirisha."

Tshibola akamtazama tena mwanamke wa mlangoni. Hakuwa anacheka. Lakini ni nani angemchekea mgeni mwenye kamera, ambaye hakuuliza hata jina?

"Weye ulisoma," Kapinga akasema. "Andika hapa chini Muteba, batu bajue. Halafu uende naye. Macho yangu yanaisha, na hapa bajukuu batamutumia kuwashia moto."

Waliazima kalamu kwa jirani. Tshibola angeweza kuandika Godelieve. Bibi hajui kusoma. Mkono ulisimama juu ya karatasi. Kisha akaandika Muteba, kwa herufi kubwa, akamsomea polepole, na Kapinga akalirudia jina hilo mara nyingi, huku akifuta macho kwa ncha ya kitambaa.

Siku hizi Huguette analalamika kwamba karanga za Tshibola hazina hadithi tena. Kitabu kile hakikuchanwa. Kinafunguliwa mezani kila jioni, mbele ya sahani moja, na yule mwanamke ameinamisha kichwa, chini yake jina la dada wa mtu.

Basi nikuulize wewe uliyekaa nami hadi hapa: Tshibola akiketi kula, anakula na nani?