Gesti Yenye Mapaa Mawili

Siku yangu ya kwanza kazini, Mama Mwenye Nyumba alilivuta shuka nililokwisha kulitandika, akalitupa sakafuni, akasema, "Tandika tena." Nikatandika. Akalivuta tena. Nje ilikuwa inanyesha ile mvua ya Tukuyu isiyo na haraka, na mimi, binti niliyetoka migombani, nilidhani ananionea. Mwishowe alikaa kitandani, akagonga ukuta kwa vidole.

"Gwe Subilaga, watu wanalipia nini hapa?"

"Kitanda, Mama."

"Kitanda wanacho kwao. Wanalipia ukuta. Mtu anataka mahali ambapo jirani yake hamwoni akilia. Ukilijua hilo, shuka litajinyoosha lenyewe."

Nilitaka kucheka. Nilikuwa mdogo, na sikujua kwamba watu hulipa ili wapate mahali pa kulia.

Gesti yetu ilikuwa Bulyaga, si mbali na njia ya kwenda Makandana kwenye hospitali. Ilikuwa na nyumba ya mbele, yenye vyumba vya singo, yaani vya mtu mmoja, na dabo moja iliyoitwa ya wakubwa kwa sababu ilikuwa na kioo. Nyuma, ukivuka ua, kulikuwa na banda lenye paa lake, vyumba vyake na choo chake. Kati ya mapaa hayo mawili mvua ilishuka moja kwa moja mpaka chini. Chumba cha selfu, chenye bafu ndani, hatukuwa nacho. Mgeni alipewa ndoo ya maji ya moto, kandambili na kipande cha sabuni, akaonyeshwa bafu.

Nilianza kwa ufuaji. Vijana wa leo wana mashine, kwa hiyo niwaeleze. Kufua shuka si kazi. Kazi ni kulikausha mahali ambapo jua hutoka kama mgeni wa heshima, likachungulia na kuondoka. Tulifunika jiko la mkaa kwa tenga kubwa la mianzi, tukatandaza shuka juu ya tenga, tukaligeuza geuza. Mkaa usipoiva vizuri, shuka hunuka moshi. Ukizidi kuwaka, linapata alama ya kahawia ambayo haitoki hata ulisugue vipi. Baada ya hapo ni pasi ya mkaa, na kukunja kwa namna ambayo pindo zote zinaangalia upande mmoja. Mama Mwenye Nyumba alikuwa akiingia stoo gizani na kupapasa pindo kwa kidole. Akikuta moja imegeuka, rundo zima lilirudi chini.

Kisha nikapelekwa ziwani. Mama alikuwa amefungua nyumba nyingine ndogo ufukweni, kule Ziwa Nyasa, vyumba vichache vya bei ya chini kwa wanafunzi na watu wanaosafiri na begi mgongoni. Meneja wa kule alikuwa mtu wa vicheko. "Dada Subi," aliniambia, "huku usiwaonee huruma wageni. Wana furaha zao." Kweli walikuwa nazo. Kazi yangu kubwa ilikuwa kukung'uta mchanga. Mchanga uliingia kwenye foronya, kwenye mito, kwenye chai. Wageni walilala mlango wazi ili wasikie maji, wakaamka wamechomwa na jua, wakaomba chumvi ya kupikia samaki. Nilikuwa na raha, lakini nilikuwa natafuta kitu nisichokijua. Siku niliporudishwa Bulyaga, nikaona watu wamekaa barazani na thermosi zao wakitazama upande wa hospitali, ndipo nikakitambua. Kule ziwani mgeni huja kupumzika. Huku kwetu mgeni huja kusubiri.

Nilirudi nikiwa mhudumu wa mapokezi, chini ya Meneja wa Bulyaga, mwalimu mstaafu aliyevaa koti la sufu mwaka mzima. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi ambayo haipo kwenye cheti chochote: kupanga nyumba, yaani kujua nani alale wapi.

"Kumuuliza mtu jina ni kazi ya polisi," alisema. "Wewe muulize ni wa kwa nani."

Dalali wa parachichi hawekwi jirani na mkulima aliyemlalia bei. Mchungaji hapewi chumba cha karibu na madereva wa malori ya majani ya chai. Na juu ya yote, mkwe na baba mkwe. Nalieleza hili kwa sababu wajukuu wangu hulicheka. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mtu haonani na baba wa mumewe. Halitaji jina lake, hali naye, halali naye chini ya paa moja. Akimwona njiani huingia migombani mpaka apite. Tunaita ukutila, na maana yake ni woga wenye heshima ndani yake. Wengi wameacha. Wengine hawajaacha, na gesti hupokea wote.

Ndiyo maana banda la uani lilikuwa muhimu kuliko dabo ya wakubwa.

Sasa niwaambie habari ya Tusekile.

Alikuja na mtungi wa uji na furushi la khanga. Mumewe, Lusajo, alikuwa amelazwa. Ini lake lilikuwa limechoka, na daktari alikwisha kumwambia mke kwa upole kwamba lililobaki ni kumpunguzia maumivu. Walimweka katika chumba kidogo cha pembeni, chenye dirisha la kutazama njia, na Sista Mkuu wa Wodi akaruhusu ndugu mmoja akae naye mchana. Mama yake Lusajo alikwisha kufariki, na ndugu zake walikuwa mbali kwenye vibarua. Nilimpa Tusekile chumba cha uani kwa sababu kilikuwa karibu na jiko.

Kesho yake akashuka mzee kutoka kwenye bodaboda, amevaa buti za mpira, na mkungu wa ndizi begani. Alikuwa ametoka Matwebe.

"Mugonile, Mzee."

"Ndaga, mwanangu. Mke wa Lusajo analala hapa?"

"Ndiyo, Mzee."

"Basi naondoka."

"Yuko kwenye banda la uani, Mzee. Ana njia yake ya kupitia jikoni."

Akatembea mpaka mlango wa nyuma, akasimama akitazama juu, kwenye pengo kati ya mapaa.

"Mvua inapita hapo katikati?"

"Inapita."

"Basi ni nyumba mbili," akasema, akautua mkungu.

Tukaanza zamu. Tusekile alikaa na mgonjwa asubuhi, mzee alikaa naye alasiri. Tusekile akirudi alipitia jikoni mpaka chumbani kwake. Mimi nikaenda kumwambia mzee, "Njia nyeupe," naye akaanza safari yake, taratibu, kwa kuwa goti lake moja lilikuwa baya. Hawakuonana hata mara moja. Meneja alinisifu. "Subilaga, hii ndiyo kazi," alisema, na nilifurahi.

Siku moja Tusekile alikuja nilipokuwa nikipiga pasi.

"Dada Subi, Lusajo ameniomba neno moja."

"Lipi?"

"Asiachwe peke yake. Anasema hakiogopi kifo. Anaogopa kufa huku anatazama kiti kitupu. Nimemwahidi, Dada. Sasa kuanzia mimi ninapotoka mpaka mzee anapofika, ni nani yuko pale?"

Niliiweka pasi chini. Sote wawili tuliujua urefu wa ile njia.

"Msubiri mzee mpaka afike," nikasema.

"Chumba kina mlango mmoja, Dada. Nitatokea wapi? Juu ya kichwa chake?"

Tukacheka kidogo, tukaacha.

Nikamfikishia mzee. Alinisikiliza akiwa amekaa kitandani, buti miguuni.

"Mpigie simu, Mzee," nikajaribu. "Mzungumze wenyewe."

"Sauti si mtu?" akauliza. Kisha akasema, "Yule binti ameishi kwangu miaka yote hii bila kunikosea. Mimi nikimkuta uso kwa uso, nimemvua nguo mbele za watu. Nitamlipaje?"

"Na Lusajo?"

Akafuta matope ya buti kwa kidole, muda mrefu. Mwishowe akapata njia. Nje ya geti la hospitali kulikuwa na mama wa chai mwenye kibanda cha mabati. Mzee angekaa humo akitazama ukuta. Mkwe akitoka angepita nyuma yake, khanga usoni, na akishapita, mzee angeinuka. Pengo lingebaki ua wa hospitali na korido tu.

"Zaidi ya hapo siwezi kulifupisha," akasema. "Mwambie nimejaribu."

Wakafanya hivyo. Mama wa chai alizoea, akawa anawatania madereva wa bodaboda: "Pisheni njia, mwali anapita! Na wewe Mzee, usigeuke, chai itamwagika." Mzee alikuwa anatabasamu ukutani. Lusajo alipata habari ya mpango huo, na Tusekile aliniambia kwamba alicheka mpaka akakohoa, akasema, "Baba yangu na mke wangu wananichezea kombolela."

Siku yenyewe nilikuwapo. Nilikuwa nimepeleka uji, nikatoka pamoja na Tusekile. Lusajo alikuwa amelala, anapumua vizuri. Mkewe alilivuta blanketi mpaka kifuani kwake, akamwambia baba anakuja. Tukapita nyuma ya kibanda. Mzee alikuwa anatazama mabati. Aliposikia hatua zetu zimekwisha, akainuka, akashika goti, akaanza kuvuka ua.

Tulikuwa hatujafika mbali tuliposikia sauti ya mwanamume. Haikuwa kelele kubwa. "Lusajo! Lusajo!" Basi.

Tusekile hakuwahi kusimama mahali akaisikiliza sauti ile. Lakini aliitambua, na alijua ilichokuwa inasema. Akageuka akakimbia, mtungi ukaanguka njiani. Nilimkuta kwenye mlango ule mmoja. Mzee alikuwa anatoka kumwita sista, na Tusekile alikuwa anaingia. Wakakutana.

Na Tusekile, mwili wake ukifanya ulichofundishwa tangu alipoolewa, akageukia ukuta akajifunika uso. Mume wake yuko ndani, amekwisha kufa, na yeye anatazama ukuta.

"Mama," mzee akasema. Alikuwa anamwita yeye. "Usigeuke. Ingia."

Hakusogea.

"Ingia, mama. Ameshakaa peke yake vya kutosha."

Akaingia. Mzee naye akarudi ndani, wakasimama pande mbili za kitanda, kila mmoja ameshika mkono mmoja wa Lusajo. Kiti kilikuwa kati yao na ukuta. Hakuna aliyekikalia. Mimi nilibaki kwenye korido, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu sikuona umuhimu wa ukuta wowote.

Jioni ile mzee alikaa barazani kungoja gari la kumrudisha mwanawe Matwebe. Nikamletea chai. Hakuinywa.

"Hamkukosea, Mzee," nikamwambia. "Mlikuwa mnaheshimiana."

"Ndiyo," akasema. "Heshima ilikuwa yetu sisi wawili, mwanangu. Aliyeilipia ni yeye."

Waliondoka katika pikapu moja, Tusekile mbele na dereva, mzee nyuma na jeneza, chini ya turubai. Nilikwenda kwenye matanga. Tusekile alikuwa ndani na wanawake, mzee uani na wanaume, na sikusikia kwamba walionana tena. Mila haikuvunjika. Ilijikunja siku moja, kisha ikanyooka. Sisemi kwamba ni mbaya. Mimi mwenyewe niliingia migombani kumkwepa baba mkwe wangu mpaka alipozikwa, na nilimlilia kama baba.

Lakini tangu siku hiyo niliongeza kitu kwenye kazi yangu. Wauguzaji wawili walipofika, nikishawapangia vyumba, niliwauliza: mnapobadilishana, nani anabaki na mgonjwa? Wengi hawakuwa wamelifikiria. Nikasema, basi nitabaki mimi. Nilimwachia msichana wa usafi mapokezi, nikachukua mwavuli, nikaenda kukaa kwenye kiti. Meneja alinung'unika kwamba silipwi kwa hilo. Baadaye, shuka zikikauka mapema, yeye ndiye aliyenikumbusha muda. Sista Mkuu wa Wodi alinizoea, akawa ananisogezea kiti mwenyewe.

Mama Mwenye Nyumba alikwisha kufariki. Mwanawe, tunayemwita Mkurugenzi, amevunja banda la uani na kujenga ghorofa yenye vyumba vya selfu, paa moja juu ya wote. Wageni huweka nafasi kwa simu. Hakuna anayewauliza ni wa kwa nani. Aliniaga kwa keki na blanketi zuri, akasema, "Shangazi, sasa pumzika." Nimejaribu. Nina migomba yangu, nina ng'ombe mmoja, na miguu inauma kukiwa na baridi, yaani kila siku.

Hata hivyo mama wa chai wa getini ana namba yangu. Juzi alipiga: kuna bibi kutoka kwenye mashamba ya chai, binti zake wawili wanapokezana, mmoja amechelewa na mwingine ameitwa kiwandani. Nikavaa sweta nikaenda. Bibi alifumbua macho akaniona, akanitazama muda mrefu akinitafuta miongoni mwa watu wake.

"Wewe ni nani wa kwetu?"

"Mimi ni wa gesti, bibi."

"Gesti?" Akafikiri. "Mimi sijalala gesti."

"Najua. Wanao wako njiani, wanapishana."

Akausogeza mkono wake juu ya blanketi, kidogo, upande wangu.

"Basi kaa," akasema.

Nikakaa.