Sauti ya Bata Saa Kumi Alasiri

Enzi zetu redio haikubonyezwa, ilitafutwa. Mliokulia Karatu miaka ya sabini hamhitaji maelezo marefu. Ulishika kitufe cha pembeni ukakizungusha taratibu, sindano nyekundu ikatambaa juu ya namba, na kati ya stesheni moja na nyingine ukakutana na miluzi, mikwaruzo, milio mifupi na mirefu iliyofuatana kama mtu anayegonga mlango kwa mpango. Wakubwa walipita hapo haraka wakisema ni kelele. Mimi ndipo nilipokuwa nasimama.

Redio yetu pale Kansay ilikuwa ya bendi tatu, ganda lake la mbao, nayo ilikaa juu ya kabati karibu na dirisha. Baba aliitaka kwa taarifa ya habari na salamu za wagonjwa, basi. Betri zikichoka tulizianika juani kwenye paa la banda la ndama, zikapata nguvu za siku mbili zaidi. Wenzangu wakitoka shule walicheza rede uwanjani hadi sketi zinakuwa nyekundu kwa vumbi. Mimi nilikula makande yangu ya baridi nimesimama, sikio kwenye spika. Mama aliniambia mara nyingi, "Leo utakunywa taarifa ya habari, maana maji hujachota." Nilikwenda kuchota mbio, nikarudi nimelowa mgongo, nikaendelea nilipoachia.

Nilikuwa na utaratibu. Daftari la hisabati lililobaki kurasa tupu nililipigia mistari: tarehe, saa, mahali sindano iliposimama, nilichosikia. Kurasa zote nilizipa namba. Kwenye kioo cha redio nilibandika ukanda wa karatasi uliogawanywa kwa rula, kwa sababu namba za kiwandani zilikuwa chache mno. Antena nilitengeneza kwa waya wa shaba kutoka kwenye dinamo mbovu ya trekta, niliyoletewa na mjomba aliyekuwa kibarua katika shamba la ngano. Niliuvuta kutoka dirishani hadi kwenye mti wa mgrevilea. Hakuna aliyenifundisha. Mwalimu wetu wa sayansi alijua sehemu za ua na sehemu za panzi, akaishia hapo.

Katika sauti zote, moja ilinisumbua. Kila siku saa kumi alasiri, mahali palepale, alisikika bata. Kweli kabisa: kwak-kwak ya haraka, inanyamaza, anajibu bata mwingine. Miezi mitatu niliandika "bata" kwenye daftari bila kujua zaidi.

Jumapili moja, bata wakiwa wameshaanza, mjomba alikuja na redio yake ndogo begani, akaiweka mezani ubavuni mwa yetu na kuanza kutafuta mpira. Alipopitisha sindano yake chini kidogo ya pale iliposimama yangu, bata wangu akageuka mwanamume, akasema kwa Kiswahili safi kwamba sabuni imekwisha na lori limekwama matopeni. Mjomba akazungusha tena, bata akarudi. Nilimwomba arudi nyuma. Akasema anatafuta mpira. Nikamshika mkono, jambo ambalo mtoto wa Kiiraqw hamfanyii mjomba wake, akaniangalia kwa mshangao hadi goli likafungwa bila yeye kusikia.

Hivyo nilijua kwamba redio moja peke yake haiwezi kuisoma sauti ile, lakini redio ya pili ikiwekwa karibu na kutegwa chini kidogo, inaisaidia ya kwanza kuinyoosha. Sababu yake niliisoma kitabuni nikiwa mtu mzima. Siku ile nilipata kanuni, na kanuni ilitosha. Mjomba, baada ya kununa wiki nzima, aliniachia redio yake hadi mavuno. Bata wale walikuwa zahanati za misheni zikizungumza kwa redio koli, zile za kuitana na kujibizana: Digodigo, Samunge, na kituo kikubwa upande wetu. Waliagiza dawa ya macho, waliuliza barabara, walitoa habari za wagonjwa. Yote niliandika, neno kwa neno kadiri mkono ulivyowahi. Lakini sikumsimulia mtu hata moja, kwa sababu nilijua mapema kwamba sikuwa nimealikwa.

Kisha vita vya Kagera vikaanza, na Kansay, iliyo mbali na mpaka kuliko unavyoweza kutembea kwa mwezi, ikajaa walinzi. Mavuno yalikuwa yamekwisha na mjomba ameshachukua redio yake. Ilibaki yetu moja, na bata wake, na waya kwenye mti. Jirani aliyepita njia akasikia kwak-kwak dirishani, akaniona ninaandika. Kufikia kesho yake ilishasemwa kwamba kwa Mzee Tluway, yaani kwa baba yangu, kuna mtoto anapeleka habari kwa adui.

Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Lohay, alikuja alasiri na watu kama ishirini nyuma yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayependa jambo liishe mbele ya watu. Alimwambia baba kwamba ama daftari lichomwe palepale na waya ushuke, ama ataandika jina la baba na kulipeleka ofisi ya kata, huko wakaulizane vizuri. Mwaka ule kuulizwa vizuri hakukuwa jambo la mzaha. Baba, ambaye hakuwahi kuitwa ofisi yoyote, alikaa kwenye kigoda akitazama mikono yake.

Nilimwamkia balozi, nikamwambia sauti ile si ya adui na ninaweza kumwonyesha, ila nahitaji redio ya pili. Kijiji kizima kilijua iliko redio ya pili. Ilikuwa kwake, kubwa, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na haikuwahi kutoka sebuleni.

"Yaani mshtakiwa anaazima redio ya hakimu," akasema mzee mmoja, na watu wakacheka. Balozi ikabidi aagize iletwe.

Niliziweka ubavu kwa ubavu. Saa kumi juu ya alama bata alianza. Nilishusha sindano ya redio ya balozi taratibu, na mbele ya watu ishirini mama muuguzi wa Digodigo akaomba mafuta ya taa kwa ajili ya jokofu la chanjo. Aliomba mara tatu. Mara ya tatu aliomba kwa hasira.

"Huyo ndiye adui?" akauliza yule mzee, na watu wakacheka tena.

Kicheko kile kilinigharimu. Balozi alijiona amechekwa yeye. Akasema kama ni mafuta ya taa tu, basi nisome daftari lote kwa sauti, mwanzo hadi mwisho, kila mtu ajiridhishe. Nikaanza kusoma. Dawa ya macho. Lori. Misumari ya paa. Watu wakaanza kuchoka na wengine kukaa chini. Nikafika ukurasa wa ishirini na tisa, nikanyamaza.

"Soma," akasema balozi.

"Huu sisomi."

"Kwa nini?"

"Una habari ya mtu."

Minong'ono ikaanza. Baba akainua uso. "Binti, soma, tusilale kata." Hakuniambia kwa ukali, aliniomba, na baba yangu kuniomba kulikuwa kugumu kuliko kiboko. Lakini sikusoma. Nilikwenda hadi kwa Balozi Lohay, nikampa daftari kwa mikono miwili likiwa wazi pale.

Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Ukurasa ule ulisema: Magreth wa Kansay amejifungua salama hapa Samunge, mtoto wa kiume, aambiwe mama yake tu. Magreth alikuwa binti yake, na yeye aliamini, kama kijiji kizima, kwamba yuko Arusha anasomea ushonaji.

Aliinama karibu yangu. "Chana huu."

"Kurasa zina namba, Balozi. Ukikosekana mmoja wataulizia."

Kisha akafunga daftari, akanirudishia, akawageukia watu. "Ni dawa na mafuta ya taa. Hakuna adui humu. Mwacheni mtoto na hesabu zake." Akaibeba redio yake mwenyewe kifuani hadi nyumbani, kitambaa kikining'inia.

Mwezi uliofuata Magreth alirudi na mtoto mgongoni, na baba yake ndiye aliyetoka kumpokea barabarani. Balozi sasa ni marehemu. Magreth ni bibi wa watu, na ndiye aliyeniambia niandike haya kwa majina yanayoeleweka.

Leo mpwa wangu anayewatembeza watalii kreta ananiambia, "Shangazi, hizo kelele zako mtu anazipata kwenye simu." Hazipati. Simu inampa anachotumiwa, hakuna anachokitafuta. Mtoto akizaliwa leo, picha yake inafika Dar kabla kitovu hakijafungwa, na atakayeituma wa kwanza anajiona amefanya kazi. Mnatucheka kwamba tulikuwa washamba wa kuanika betri. Tuchekeni. Sisi tulisikia mengi kuliko mnavyodhani, kwa redio za mbao na waya wa trekta, na sitaomba radhi kwa saa hata moja niliyokaa dirishani.

Ila nina swali kwa kijana yeyote mwenye simu mbili mfukoni. Nitajie idadi tu, usinitajie yenyewe: ni mambo mangapi ya jirani yako unayoyajua ambayo hujamwambia mtu? Mimi yangu ni kurasa sitini na nne zenye habari za watu, na huo wa ishirini na tisa ndio wa kwanza kuutoa, kwa ruhusa ya Magreth.