Jambazi wa Pasta

Pasta wa kanisa letu la wakimbizi hapa Turffontein alitutangazia kwamba Jumamosi mchana tutatazama filamu bubu, ya zamani sana, ya jambazi wa msituni aliyewaibia matajiri akawagawia maskini. "Haina maneno," alisema kwa majivuno, kana kwamba ameitengeneza yeye. "Mkongo, Mrundi, Mtanzania, wote mtaelewa."

Nilikwenda na shangazi yangu, aliyekuwa amefika kutoka Kivu mwaka ule na bado hakupenda kutoka nyumbani.

Filamu yenyewe ilikuwa takataka. Wanaume wazima waliovaa soksi za kike walirukaruka vichakani kama kuku waliomwagiwa maji, macho yamepakwa wanja, wakishika vifua kila walipotaka tujue wana huzuni. Mara kwa mara yalitokea maandishi ya Kiingereza, na hapo Pasta alitafsiri. Jambazi akimwamuru tajiri ashuke kwenye farasi, Pasta anasema, "Anamwambia, ndugu, okoka." Watoto wetu, ambao Kiswahili wanakisikia lakini hawajibu kwacho, waliyasoma maandishi wakacheka. Pasta alidhani wameguswa.

Kisha majambazi wakaketi msituni kula nyama. Shangazi akauliza, kwa sauti ya kawaida tu, "Nani amewapikia?"

"Mama, hao ni watetezi wa maskini," Pasta akamjibu.

"Wale wa kwetu pia walisema hivyo. Walichukua mbuzi wangu, wakanibebesha mizigo hadi msituni, nikawapikia mpaka mvua zikaisha. Ndiyo nauliza, hawa wamepikiwa na nani?"

Wengi wetu tulikimbia milima ileile ya Kivu. Mtu mwenye moyo angezima mashine, au angalau angesema pole. Pasta alitabasamu lile tabasamu lake la picha, akasema, "Haleluya, Mungu alikutoa," akaendelea kutafsiri.

Shangazi aliinuka akatoka. Nilimkuta nje anakaza kitenge chake, hakulia. Aliniomba twende Rosettenville kutafuta sombe, kisamvu cha kwetu, na njiani ndipo aliponisimulia, kwa mara ya kwanza, habari za wanawake waliobaki kule msituni.

Jumapili iliyofuata Pasta alihubiri juu ya shangazi yangu. Katika kisa chake aliongeza malaika mwenye upanga wa moto, na majambazi wakapiga magoti wakatubu. Watu wakapiga makofi. Shangazi alikuwa amebaki nyumbani, hakuyasikia. Mimi nilichukua mkoba wangu katikati ya mahubiri, nikapita mbele ya Pasta nikitazamwa na wote, na sijarudi.