Mwenzake wa Alfajiri

Karani wa pamba, jirani yetu pale Kamunyonge, alikimbia kila alfajiri kwa katambuga za matairi, maana raba zilishaadimika madukani. Alishika upande mmoja wa barabara, akiacha nafasi ya mwenzake wa mazoezi, ambaye tulimzika wakati wa masika. Akirudi, aliyakanda magoti yaliyovimba kwa mafuta ya samaki kamongo, akiyabembeleza kama watoto wachanga.

"Pumzika basi, baba," nilimwambia.

"Nisipotoka ananifuataga hapa hapa, Dafroza," alijibu, wala hakucheka.

Asubuhi moja magoti yaligoma kabisa, nikampelekea uji kitandani. Nje barabara ilikuwa tupu, lakini tulisikia katambuga zikija mbio, zikanyamaza mlangoni. Akapapasa uvunguni kutafuta za kwake.

"Dafroza, mwambie nakuja."