Uchungu Uliopewa Majina Mengine

Matroni wa shule yangu ya bweni, karibu na Tawa, aliuita uchungu wangu uvivu. Kila mwezi nilijikunja sakafuni nikitapika, naye akanipa vidonge viwili. "Wasichana wote hupitia hayo," alisema. "Ukizaa yataisha."

Nikaolewa kijiji cha Tulia, nikangoja kuzaa. Miaka sita. Mume wangu alikuwa na duka, mtu mpole, ila upole wake ulikwisha kila mama yake alipoingia. Mama mkwe alinichemshia mizizi, nikanywa. Akina mama wa kanisa wakaniwekea mikono tumboni, wakaamuru roho ya utasa itoke. Aliyetoka ni mimi, nikaenda kulala nyuma ya kanisa kwa maumivu.

Daktari mmoja wa Kitui ndiye wa kwanza kuniuliza uchungu ulianza lini. Baada ya kunipasua na kuangalia, alinichorea. Ugonjwa unaitwa endometriosisi: utando kama ule wa ndani ya mji wa mimba ulikuwa umeota nje yake. Ovari moja ilikuwa na uvimbe uliojaa damu ya zamani, na huenda mayai hayakuwa yakipevuka vizuri humo. Ya pili ilifanya kazi yake, lakini makovu yalikuwa yameukunja mrija wake wa kupitishia yai. Yai lilitoka, likakosa njia.

"Ungesema mapema," aliniambia.

"Nilisema, daktari. Hakuna aliyesikia."

Mama mkwe alipoelezwa, aliuliza swali moja tu. "Kwa hivyo ulikuja kwetu ukiwa nao?"

Mume wangu aliondoka kwenda dukani. Mwaka uliofuata alioa mwingine, ambaye tayari alikuwa na mimba. Hakuniambia mwenyewe. Alimtuma mama yake.

Nilirudi kwetu Mbumbuni. Mama alinipikia, nami nikamweleza aliyosema daktari. Siku ya tatu, tukichagua ndengu, akasema bila kuinua macho, "Nilikuwa nikikusikia ukilia chooni, ukiwa msichana. Mimi pia nilikuwa hivyo. Ndiyo maana sikupata mwingine baada yako."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema nini? Sikujua ni ugonjwa. Nilidhani ni aibu yangu."

Nilijua napaswa kumhurumia. Nilisukuma ungo, ndengu zikamwagika, nikatoka nje. Sikuongea naye mpaka Jumapili, na hata siku hiyo nilimwambia tu chai iko tayari.