Fimbo ya Kuvukia Korongo la Tano

Siku ya kwanza nilipoingia karakana ya klabu ya gofu pale Lushoto, nilikuwa sijawahi kuushika mpira wa gofu. Ulikuwa mwaka uliotangulia Uhuru. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, shule nimeiacha darasa la nne, na nilikuwa nimeshakata mkonge Korogwe, nimepasua mbao Shume na kukamua ng'ombe Kwai. Hakuna kazi niliyoifanya ikatimia mwaka. Sikuwa mvivu, ila nikishaelewa kitu kinavyofanya kazi, miguu ilianza kuwasha.

Katibu wa Klabu, Mwingereza wa soksi ndefu, alinitazama juu mpaka chini.

"Unajua gofu?"

"Sijui, bwana."

"Vizuri. Wanaojua wananisumbua. Nenda kwa Fundi."

Fundi Mkuu alikuwa Mshambaa wa Bungu, mzee wa kanisa la Kilutheri, mwenye vidole vifupi vilivyojaa makovu ya patasi. Alinikabidhi reki na kunituma kusawazisha brauni. Siku hizo mashimo yetu hayakuzungukwa na majani laini kama mnayoyaona vijana kwenye picha. Yalizungukwa na mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari, usipeperuke wala kuota nyasi. Huo ndio tuliuita brauni. Nilireki mwezi mzima kabla ya kuruhusiwa kushika fimbo.

Fimbo zilikuwa za aina mbili kuu, vyuma na mbao. Vyuma vilihesabiwa kwa namba. Namba ndogo ilikuwa na mpini mrefu na uso uliosimama wima, kwa kupigia mpira mbali na chini chini. Namba kubwa ilikuwa na mpini mfupi na uso uliolala, kwa kuunyanyua mpira juu. Za mbao zilikuwa na kichwa kinene kama ngumi, chini kimevishwa bamba la shaba nyeupe. Kazi yetu ilikuwa kubadili mishiko ya ngozi, kunyoosha mipini, na kufunga upya uzi uliokazia kichwa kwenye mpini.

"Mgosi," Fundi Mkuu alipenda kuniambia, kama Washambaa wanavyomwita mwanamume, "usiiangalie fimbo. Mwangalie anayeipigia. Fimbo haina kosa mpaka iwe mkononi mwa mtu."

Uhuru ulipokuja, Katibu wa soksi ndefu alirudi kwao, na nafasi yake ikachukuliwa na Katibu mwananchi, kijana wa Tanga mwenye kalamu tatu mfukoni. Mlango wa klabu ukafunguliwa kwa wengine. Wa kwanza kuingia alikuwa Mzee Hakimu.

Alikuwa Mzigua wa Handeni aliyestaafu uhakimu na kubaki Lushoto, kwa sababu mkewe aliipenda baridi. Vyuma vyake aliachiwa na Bwana Shauri mmoja, afisa wa wilaya wa Kiingereza aliyerudi kwao. Nilimwamkia mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kwenu wapi?"

"Nimezaliwa kambi ya mkonge, Korogwe. Baba alitoka Tabora."

Akapiga makofi. "Mnyamwezi! Basi beba huo mkoba, mtani wangu. Babu zako walipita kwetu na pembe za ndovu bila hata kuaga. Wewe utabeba vyuma mpaka nikuruhusu kupumzika."

Kwa msiojua, Wanyamwezi na Wazigua ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anaweza kukutukana mbele za watu na usikasirike, na anaweza kukwambia jambo ambalo ndugu yako hathubutu. Nilipaswa kumrudishia, lakini ulimi ulikwama. Yeye hakimu, mimi darasa la nne. Nikacheka kwa adabu na kuubeba mkoba.

Kila Jumamosi alicheza na rafiki yake, Mwalimu Mkuu wa shule ya misheni. Kila Jumamosi, akinikuta karakana, aliniuliza lile lile: "Mnyamwezi, bado upo?" Nami nilijibu, "Bado nipo, mzee." Mwaka ukaisha, sikuona umeishaje.

Kisha mke wa Mzee Hakimu akafariki. Mzee alikosa kuja miezi mitatu. Aliporudi, bega la kulia lilikuwa limeshuka, na mwendo umekuwa wa kupima kila hatua. Shida yake ilikuwa shimo la tano. Pale unasimama ukingoni mwa korongo lenye kijito, na mpira lazima uruke mpaka ng'ambo. Yeye alilivuka siku zote kwa chuma namba mbili. Sasa kila Jumamosi tulisikia chubwi. Anaweka mwingine, chubwi. Mwalimu Mkuu alitazama milima ya upande wa pili kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

Siku moja, baada ya chubwi ya tatu, Mzee Hakimu alisema taratibu, "Masika yakianza sijavuka, fimbo hizi nazifungia stoo."

Juma lile binti yake, Mwanaidi, muuguzi wa hospitali, alikuja karakana na sare yake ya kazi.

"Kaka, baba akiacha huu mchezo, najua atakapokaa. Atakaa sebuleni anakitazama kiti cha mama. Nimeona wagonjwa wanaoanza hivyo. Huwezi kufanya chochote?"

Nilimwambia nitajaribu. Nilikuwa najua ugonjwa ulipo. Vyuma virefu ni fimbo za watu wenye mbio mikononi. Uso wake ni mwembamba kama kisu cha mezani, na sehemu ya kupatia mpira ni ndogo kama kitumbua. Usipoupiga kwa kasi, mpira haunyanyuki. Mzee wa bega bovu alihitaji kuachana na namba mbili, na namba tatu pia, achukue fimbo ya mbao yenye uso uliolala. Uzito wake uko chini na nyuma, kwa hiyo hupita majanini kama bata majini, na mpira hupanda hata kwa pigo la pole. Lakini nani amwambie? Lushoto hukumwambia mzee kwamba nguvu zimekwisha. Ulimwamkia, ukanyamaza.

Nikafanya hila. Nilikibana kile chuma kwenye jiliwa, nikakipasha moto na kukipinda kidogo kidogo mpaka uso ukalala. Namba iliyogongwa juu yake ikabaki mbili, lakini kwa mlalo sasa kilikuwa namba nne. Nilijiona mwerevu sana.

Jumamosi Mzee Hakimu alipiga vizuri kuliko siku zote. Mpira ukapaa juu kabisa, ukamfanya atabasamu, kisha ukaanguka katikati ya korongo. Chuma kilicholazwa huupeleka mpira juu, hakiupeleki mbali. Sikulifikiria hilo.

Alikitazama kile chuma, akatazama mikono yake.

"Nimeupata sawasawa," alimwambia Mwalimu Mkuu. "Umeuona. Sijaupata hivyo tangu mama Mwanaidi afariki. Na bado haukufika. Basi nimekwisha."

Akaondoka bila kumalizia mashimo mengine. Hakuniuliza kama bado nipo.

Nilimsimulia Fundi Mkuu. Hakunifokea. Aliendelea kupiga msasa mpini uliokuwa mkononi mwake.

"Ulimheshimu mpaka ukamdanganya," alisema. "Sasa anaamini uongo wako kuliko mwili wake. Mimi ni Mshambaa, siwezi kumwambia kitu mzee yule. Wewe una ruhusa tangu kwa babu zako, na umeikalia."

Siku nne zilizofuata tuliitengeneza fimbo. Kichwa tulikichonga kwa mzeituni mwitu wa msitu wa Shume, mti mgumu unaovunja msumeno. Fundi Mkuu alitoboa tundu chini kwa nyuma, akamimina risasi iliyoyeyushwa, mimi nikapigilia bamba la shaba. Mpini tuliufupisha kwa upana wa vidole viwili. Tulipomaliza, mawingu ya masika yalikuwa yameshakaa juu ya mlima Magamba.

Niliipeleka nyumbani kwake. Nilimkuta sebuleni, anatazama kiti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kumbe hujaondoka."

Kwanza nilikiri. Nilimweleza jiliwa, moto, na jinsi nilivyokipinda chuma chake. Uso wake ukawa wa mahakamani. Kisha nikamwonyesha fimbo ya mbao.

"Hiyo ni ya akina mama wa Kizungu," alisema. "Mimi napiga namba mbili."

Nikasema, "We Mzigua, namba mbili ni fimbo ya kijana. Kijana mwenyewe yuko wapi? Kaondoka zamani, kakuachia chuma tu, nawe umekishikilia kama Mzigua aliyeokota pembe yetu njiani!"

Mwanaidi alitokea mlangoni, mkono mdomoni.

"Tena umehukumu watu miaka yote ile," niliendelea, kwa kuwa sasa hakukuwa na kurudi nyuma, "leo chuma kimekosa, unajifunga mwenyewe!"

Mzee Hakimu aliinama. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka, anacheka mpaka bega bovu likamuuma.

"Miaka yote nimengoja huyu mbeba mizigo afungue mdomo," alimwambia binti yake. "Nilidhani Korogwe walimlea bubu. Leteni viatu vyangu."

Hatukungoja Jumamosi. Tulifika shimo la tano manyunyu yameanza. Alipiga pigo la pole, kama mtu anayefunga mlango asiamshe mtoto. Mpira ukapanda, ukavuka korongo, ukatua majanini ng'ambo. Alinipa ile fimbo nimshikie, akatoa kitambaa, akafuta miwani muda mrefu kuliko mvua ile ilivyohitaji.

Baada ya Azimio la Arusha mambo yalibadilika. Mashimo manne yalilimwa mahindi na maharage, na Katibu wa Klabu akahamishiwa ofisi ya ushirika. Nami nikahamishiwa karakana ya ushirika kutengeneza mipini ya majembe. Sikulalamika, jembe nalo lina uzito na mlalo wake. Korongo la tano halikulimika, kwa hiyo Mzee Hakimu aliendelea kulivuka, miaka saba, kwa fimbo ile ile.

Tulipomzika Handeni, kazi ya mtani, ya kumwigiza marehemu msibani, ilikuwa yangu. Nilisimama mbele ya waombolezaji na kile chuma namba mbili, nikashusha bega, nikapiga hewa, nikasema, "Chubwi!" Wazigua wakaangua kicheko na machozi yao. Mwanaidi alipaza sauti kutoka upande wa wanawake: "Mpe ya mbao, Mnyamwezi! Avuke!"

Nilistaafu karakana ile ile ya ushirika. Mtu ambaye hakutimiza mwaka popote nimezeeka hapa Lukozi, wilaya hii hii ya Lushoto, na chuma namba mbili kimesimama bustanini kushikilia maharage. Naendelea kuranda mbao kidogo, maana udadisi haustaafu. Wanangu huniona nikihema juu ya randa yangu ndefu, wakatazama pembeni kwa heshima.

Mwezi uliopita Mwanaidi alikuja kunisalimu, naye sasa ana mkongojo. Alisimama mlangoni akanitazama nikisukuma.

"Mnyamwezi, bado upo?"

"Bado nipo."

"Randa hiyo ni ya kijana. Kijana mwenyewe yuko wapi?"

Nikaiweka chini, nikachukua ndogo.