Jina Nililolimeza Kanisani

Nilisoma mpaka darasa la tatu tu, kule Uvira, lakini majina hayanipotei. Nikikutana na mtu mara moja nabaki na jina lake, na la baba yake pia. Humu siandiki hata moja. Wenyewe wako hai, na mmoja wao nilimkosea.

Mjukuu wangu wa kike, niliyemlea mwenyewe tangu tulipokimbia vita, anaishi Johannesburg na binti wa Kisotho. Wanapendana kama mtu na mke wake. Aliponiambia kwa simu nikauliza habari ya kisamvu chetu, "Anakula pondu?" Tukacheka, yakaisha.

Mwaka huu wakaja kwangu Durban wikendi moja. Walikuwa wametafuta kwenye simu mahali ambapo wawili kama wao wanapumzika bila kukodolewa macho, wakapata nyumba ya wageni kule mlimani, yenye bendera ya rangi nyingi mlangoni.

"Kitanda kimoja, Koko, na hakuna mwenye kuuliza," mjukuu akaniambia.

"Kimoja? Basi mtapigana mateke."

Jumamosi tulitembea ufukweni South Beach, chini ya flati yangu. Walishikana mikono, hakuna aliyegeuka. Yule binti, aliyekuwa ananiita Gogo, bibi kwa lugha ya huku, kama mjukuu anavyoniita Koko, akanitajia majina yake matatu na la mama yake. Nikayarudia yote sawasawa. Akanikumbatia.

Jumapili walitaka kuona kanisa langu. Kwetu mgeni hajitambulishi. Aliyemleta ndiye anasimama, anamtaja jina na kusema ni nani kwake. Ndani ya taxi mjukuu akaninong'oneza, "Koko, sema ukweli, ao tubaki nje."

"Nitasema," nikamjibu.

Nikasimama. Nikamtaja mjukuu wangu. Nikamgeukia yule binti, na nyuma yake nikaona kiongozi wa akina mama ananitazama. Nikawaza nikiugua nani atakuja kunigeuza kitandani, kama si akina mama hawa.

"Na huyu," nikasema, "ni mwenzake wa kazini." Jina sikulitaja.

"Mzuri hivi!" mama mmoja akapaza sauti. "Mutuachie huyo, bwana iko hapa hapa!"

Kanisa zima likacheka. Na mimi nikacheka. Nilipokaa, wao walikuwa wanatoka mlangoni.

Nilikuwa nimewapikia pondu. Nikapiga simu, haikushikwa. Basi lao la kurudi lilikuwa la saa tisa. Nikaipasha pondu, nikafunga sufuria kwa kitambaa, nikapanda taxi mpaka mlimani. Mtaa siujui, vibao sivielewi, nikawa nauliza geti kwa geti: nyumba ya bendera ya rangi nyingi iko wapi?

"Gogo, na wewe, kwa umri huo?" mlinzi mmoja akanitania. Nikamwambia anionyeshe tu.

Mwenye nyumba akauliza namtafuta nani. Nikataja jina la kwanza, la pili, na la ukoo. "Mke wa mjukuu wangu," nikasema kwa sauti, barabarani, mwenye masikio asikie.

"Eish, Gogo. Wameondoka zamani. Hawakungoja basi lao."

Nikakaa kwenye ngazi yake, sufuria mapajani. Ilikuwa bado inaunguza, nikaiacha iniunguze. Nikarekodi sauti kwenye simu, nikawatumia: majina yote matatu, na la mama yake, na neno lile ambalo kanisani lilinishinda. Mpaka leo ujumbe una alama moja tu, haujawafikia. Kila Jumapili ninarekodi mwingine.

Kanisani wakiniita nitambulishe wageni, ninakataa. Ninawaambia nimeanza kusahau majina.